Nilivyomsingizia Akal Maji Moto

Jumapili, Lodwar, saa nne asubuhi.

Upepo umetulia, vumbi limelala, na jua bado halijaanza ukorofi wake. Nimeketi barazani na kikombe cha chai, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji. Kanisani sijaenda. Wenzangu wa kwaya wataniuliza, nami nitawajibu kwamba mwili ulikataa na safari hii nikausikiliza.

Nina furaha. Nasema mapema kwa sababu nitakayoandika hapa chini si ya kujisifu, na atakayesoma (binti yangu Wanja, pamoja na watu wawili watatu wasio na kazi) anaweza kudhani nimenuna. Sijanuna. Ila wiki hii nimeaibika kuliko siku zote tangu nije Turkana, na nashangaa kwamba aibu yenyewe imeniacha mwepesi.

Nianze na kazi yangu. Mimi ni fundi wa mabomba, na hasa ni fundi wa hita za jua, zile zinazokaa juu ya paa kupasha maji moto. Watu hucheka wakisikia. Hita, Turkana? Mchana hapa ukifungua bomba la kawaida tu, unaruka kama umekanyaga kaa. Watu wa Lodwar huteka maji ya kuoga asubuhi na mapema, wakayaacha kivulini yapoe. Shemeji yangu wa Nyahururu, kwetu kwenye baridi, husema nilihamia huku kuuza blanketi jehanamu.

Lakini shemeji hajawahi kuzaa. Kule Kakuma, karibu na kambi ya wakimbizi, kuna zahanati ndogo ya kujifungulia, jina lake nitaliacha. Wanaofika pale ni Waturkana, Wakongo, Wasudani Kusini, Wasomali, na ukiwaweka chumba kimoja hawaelewani lugha wala chakula. Jambo wanalokubaliana wote ni kwamba mama aliyejifungua usiku anataka kuogeshwa na kukandwa kwa maji moto alfajiri. Moto kweli, siyo yale ya vuguvugu. Hita ya zahanati hiyo niliifunga mimi kwa mikono yangu.

Haina pampu. Ni paneli ya kioo iliyolala kwenye paa, tangi juu yake, na mabomba mawili katikati. Jua likipasha maji ndani ya paneli, yanakuwa mepesi, yanapanda kwa bomba la juu na kuingia tangini. Yale ya baridi ni mazito, kwa hiyo yanateremka kwa bomba la chini kwenda kupashwa nayo. Yanazunguka hivyo mchana kutwa bila kusukumwa na mtu. Sharti ni moja tu: tangi likae juu kuliko paneli, tena juu kwa kiasi cha kutosha. Sharti hilo nimewaimbia mafundi wachanga wa hapa Lodwar mpaka wakiniona wananiiga sauti.

Na sharti hilo nililivunja mimi.

Miezi michache iliyopita upepo uling'oa mabati ya stoo ya zahanati na kuyapeleka hadi kwa jirani. Sista Naliaka, muuguzi mkuu wa pale, aliogopa kwamba tangi lake litafuata. Nikaenda. Nilitazama ile stendi ndefu ya chuma inavyotikisika, nikaikata miguu, tangi likashuka na kukaa imara mgongoni mwa paneli. Nilijua nilichokifanya. Nisijidanganye humu ndani, nilijua kabisa. Lakini jioni ilikuwa imeingia, nilikuwa nimechoka, nikajiambia jua la Kakuma lina nguvu, litazungusha maji hata tangi likiwa chini.

Na kweli liliyazungusha. Kila jioni maji yalikuwa moto wa kuchoma, Sista akanitumia ujumbe wa shukrani, nami nikampelekea Wanja ujumbe huo aone mama yake ni nani.

Shida ikaja alfajiri. Siku Sista aliponipigia simu nilikuwa Katilu, nimezama topeni hadi magotini, naunga mpira wa kumwagilia shamba la mtu. Simu nilikuwa nimeibana kwa bega. Akaniambia maji yanalala moto yanaamka baridi, sasa akina mama wanalalamika, je, hita imeharibika? Nikamjibu papo hapo, kwa ule ujuaji wangu ambao marehemu mama aliniambia utaniponza:

"Sista, hii ni Turkana. Maji hayapoi yenyewe huku. Kuna mtu anayatumia usiku. Mtafute."

Nikakata simu, nikaendelea na mpira wangu. Sidhani mazungumzo yote yalichukua hata dakika moja.

Wiki tatu zikapita. Jumanne hii iliyopita akapiga tena, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeshinda. "Mama Wanja, tumempata. Kuja ututilie kufuli kwa hiyo tangi."

Nilifika Kakuma Jumatano mchana. Huyo "waliyempata" ni Akal, mhudumu wa usiku. Ni mwanamke wa Kiturkana wa makamo, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka, na ana miaka tisa kwenye kazi hiyo. Ndiye anayekesha na akina mama, anayefua shuka zenye damu, anayekoroga uji, anayeshika mkono wa msichana anayelia kwa lugha asiyoijua. Ushahidi dhidi yake ulikuwa nguo zilizokutwa zimeanikwa uani kila alfajiri. Nguo zenyewe zilikuwa shuka za zahanati, lakini mtu alisema aliona na leso yake humo. Tena alipoulizwa kama amewahi kuchukua maji ya tangi lile kwa shughuli zake, alijibu kweli: ndiyo, siku moja, jagi moja, la chai. Watu waliokuwa wanatafuta mwizi wakaona hilo jagi linatosha. Kamati ya zahanati ilikuwa ikae Ijumaa kumwachisha kazi.

Alikuwa uani anakunja shuka nilipopita na ngazi yangu. Nikamsalimu, akaitikia bila kuinua kichwa. Nami, Mungu anisamehe, nilimtazama kama mwizi. Nilitazama hata mikono yake, sijui nilitarajia kuona nini.

Jioni ile maji yalipopata moto nilifunga valvu inayoyapeleka kwenye mabomba ya wodi. Nikapitisha mnyororo, nikapiga kufuli, ufunguo nikautia sidiriani. Wale mama wawili waliokuwepo waliwekewa maji yao kwenye chupa za chai. Kisha nikaenda chumba cha wageni, nikala ugali wangu, nikalala usingizi mnono.

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri nilipanda ngazi, Sista akiwa chini na ndoo. Nilitaka aone kwa macho yake kwamba mwizi akifungiwa, maji yanabaki moto. Kufuli lilikuwa kama nilivyoliacha. Tangi lilikuwa limejaa hadi juu, hakuna hata tone lililopungua. Nikafungua, nikakinga mkono.

Baridi.

Ufunguo niliokuwa nimetoka nao kifuani ulikuwa na joto kuliko maji yale. Sista aliuliza kutoka chini kama yako sawa. Nikamwambia subiri kidogo, naangalia kitu, enda tu kwa wagonjwa.

Fundi akikwama hupapasa. Nikapapasa kioo cha paneli: kilikuwa baridi kupita hata hewa ya alfajiri. Mbingu ya huku haina wingu, na kioo kikiitazama usiku kucha hupoteza joto lote kililokusanya. Nikashika bomba la chini: baridi vilevile. Nikashika bomba la juu, ambalo usiku halina kazi yoyote, nalo lilikuwa bado na mabaki ya joto urefu wake wote, kuanzia tangini mpaka kwenye paneli. Nikalishika tena. Nikakaa chini hapo hapo juu ya mabati.

Maji yalikuwa yanazunguka kinyume. Jua likizama, yale ya kwenye paneli yanapoa, yanakuwa mazito, yanatoka kwa chini na kurudi tangini kwa mlango wa nyuma. Nafasi yao inachukuliwa na ya moto, yanayovutwa kutoka juu ya tangi kuja kupozwa na kioo. Tangi lingekuwa juu inavyotakiwa, mzunguko huo usingeanza. Nililishusha, kwa hiyo usiku kucha hita yangu ilikuwa inafanya kazi ya jokofu. Mimi, fundi wa miaka yote hii, niliamini kwamba Turkana ni moto kiasi kwamba maji hayawezi kupoteza joto bila mkono wa mtu.

Mwizi alikuwa amelala chumba cha wageni.

Husemwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, akaingia Akal.

Mchana huo nilimleta mchomeleaji wa vyuma kutoka sokoni. Tukairudishia stendi miguu, mirefu kuliko ile ya kwanza, tukafunga waya nene pande nne ili upepo ukija ukute tangi limeshikwa. Sista alipouliza tunafanya nini nikamwambia naboresha mzunguko. Ijumaa alfajiri alikinga mkono kwenye bomba la wodi akaurudisha nyuma kwa kelele. Maji yalikuwa moto, na hakuna kufuli lililotiwa.

Sasa nifike pale ninapopaonea haya.

Maji ya huku yana chumvi. Chumvi huziba mabomba, hula koki, hutoboa birika. Fundi wa Turkana akishindwa kueleza jambo husema ni chumvi, na hakuna anayembishia, kwa sababu kila mtu ana birika lililotoboka nyumbani. Ijumaa saa nne tulipoketi na kamati, mwenyekiti akaniomba nieleze nilichokikuta. Nikasimama, nikajifuta mikono kwenye sketi ingawa haikuwa michafu, nikasema ilikuwa chumvi. Imeziba bomba, nimeisafisha, na huyu mama hana hatia yoyote.

Nilikuwa nimelipanga tangu usiku. Niliona nimepata njia ambayo kila mtu anapona: Akal anabaki kazini, Sista anapata maji yake, na mimi nabaki fundi ninayeaminika. Tena kulikuwa na wodi mpya inayojengwa, na kazi yake ya hita ilikuwa kama imeshakuwa yangu. Mwenyekiti alifurahi. Alisema tumshukuru Mungu, akaanza kukusanya karatasi zake.

Akal alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono mapajani. Akainuka.

"Mimi nataka kuuliza fundi. Ni chumvi ilipigiwa simu? Ni chumvi iliambia Sista mimi ni mwizi?"

Hakupaza sauti. Alisema, kisha akabaki amesimama, ananitazama mimi peke yangu, kana kwamba wale wengine wote wametoka nje. Sista alitazama sakafu. Nilitamani mtu akohoe, au mtoto alie wodini, lakini hata watoto siku hiyo walikuwa wamelala.

Nikasema si chumvi. Nikawaeleza nilivyokata miguu ya stendi huku nikijua haifai, na kwamba nilimjibu Sista nikiwa topeni, simu begani, bila kuuliza hata swali moja. Nikasema mwizi nilimtunga mimi, na kwamba hata dakika tano zilizopita nilikuwa bado nadanganya. Nikamwambia Akal mbele yao wote kwamba nimemkosea na namwomba msamaha.

Sista Naliaka naye akasimama. Sikulitarajia hilo. Akasema yeye alitaka jina la kulaumu, nami nilipompa nafasi hakuuliza zaidi, na leso ile hakuiona yeye mwenyewe. Akamwomba Akal msamaha. Mwenyekiti akasema Akal anarudi zamu usiku huohuo, na kuhusu hita ya wodi mpya, labda watatafuta mafundi wengine pia ili walinganishe. Alisema kwa upole, lakini nilimwelewa.

Nilidhani ningeumia zaidi. Nilitoka nje nikanunua soda baridi, nikainywa nimesimama juani, na njaa ikanishika ya ajabu. Nilikuwa sijala vizuri tangu Alhamisi alfajiri.

Jana Jumamosi nilirudi wodini kabla jua halijachomoza, kukagua waya na kushika mabomba. Bomba la juu lilikuwa baridi kabisa, kama inavyotakiwa saa ile, na maji tangini moto. Nilikuwa nashuka ngazi nikamkuta Akal chini na ndoo mbili. Hakunisalimu. Akaninyooshea moja.

"Beba."

Nikabeba. Usiku ule walikuwa wamejifungua watatu. Nilibeba ndoo sita kutoka bombani hadi chumba cha kuogea, sketi ikalowa, kandambili zikateleza, mgongo ukakumbuka umri wake. Akal alikuwa anaingiza kitambaa kwenye maji moto, anakikamua, anakiweka tumboni mwa mama na kukandamiza polepole, huku anamsemesha kwa lugha yake mwenyewe, na mama anajibu kwa yake. Mmoja, Mkongo, mtoto wake wa kwanza, alifumba macho akavuta pumzi ndefu. "Leo maji iko moto, mama. Asante sana," akasema, na sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu.

Nilisimama pale na ndoo tupu nikiwa na raha ambayo sijaipata kwenye kazi miaka mingi. Mimi hufunga hita, nikaondoka. Sikuwa nimewahi kuona maji yanakokwenda.

Tulipomaliza nikamwambia tena Akal, tukiwa wawili, anisamehe. Alikuwa anakamua kile kitambaa. Alikikamua mpaka kikakauka, akakitundika, ndipo akajibu.

"Hapa umesema. Lakini kwetu Namoruputh habari ilifika. Watu wa mbuzi walibeba. Ndugu yangu anajua mimi ni mwizi, watoto wake wanajua. Hao hawakuwa kwa mkutano."

Nikamwuliza nifanye nini.

"Jumatatu sina zamu, nitakuwa kwetu. Wewe kuja useme."

Nikamwambia nitakuja, ila itabidi yeye anitafsirie, maana watu wa nyumbani kwake wengi hawajui Kiswahili. Akatikisa kichwa.

"Mimi nikitafsiri, watasema najitetea. Wewe sema. Na mdomo yako."

Hapo nikagundua aibu nyingine, ndogo, iliyokuwa imejificha nyuma ya ile kubwa. Miaka kumi na mmoja nimeishi Turkana. Ninajua kusema ejok, ile salamu yao, ninajua kuhesabu mpaka kumi, na ninajua kubishana bei ya mbuzi. Zaidi ya hapo, watu ndio wamekuwa wakinifuata kwenye Kiswahili changu, na mimi nikawa nawasahihisha.

Tangu asubuhi jirani yangu yuko hapa barazani ananifundisha sentensi tatu: kwamba tangi nililiharibu mimi, kwamba nilisema uongo juu ya dada yao, na kwamba Akal hakuiba. Zile mbili za kwanza zinanikwama kooni, na jirani ananicheka mpaka anajishika mbavu. Ile ya tatu nimeishika. Nimeisema nikichemsha chai, nikaisema nikifagia, nimeisema sasa hivi nikiandika haya.

Kesho nitasimama mbele ya ndugu yake na watoto wale, na nikizisahau zile nyingine zote, hiyo moja nitaisema mpaka waielewe.